Kelele Hazikushika Spana

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Kwenye simu sikusikii. Juzi ulipopiga nilikuwa naitikia "ndiyo, ndiyo" tu, na nilipokata mke wangu akaniuliza, "Amesemaje?" nikamwambia sijui. Masikio yangu yanalia tangu naamka mpaka nalala, mlio mmoja mwembamba, kama birika linalochemka chumba cha jirani na hakuna wa kuliepua. Basi nimeshika kalamu, kama enzi zile ulipokuwa chuoni.

Unajua mimi ni mkaguzi kwenye kiwanda cha makopo. Zamani tulikuwa wawili, kila mtu na mkanda wake. Mwezi wa kumi na moja mwenzangu alistaafu, na msimamizi akasema mikanda yote miwili sasa ni yangu. Nyuma ya mgongo wangu kuna mashine kumi na nne zinazogonga bati. Mimi nakaa katikati, vifuniko vinapita kushoto na kulia. Kila cha arobaini nakitoa, napima unene, nalinganisha na kilichotangulia, naandika. Kwa hiyo kichwani nabeba hesabu mbili na kila moja ina mwendo wake. Kushoto ishirini na tatu, kulia thelathini na moja, kushoto ishirini na nne. Mtu akiniita tu, zote zinamwagika. Hapo ndipo damu inapopanda.

Wiki iliyopita msimamizi alikuja kunifokea sikioni kwamba nimepitisha vifuniko mia mbili vyenye ufa. Alipoondoka nilikwenda chumba cha kubadilishia nguo nikalipiga ngumi kabati la chuma mpaka mlango ukapinda. Ndiyo maana mwandiko unayumba, kidole cha kati bado kimevimba. Nati ndiye aliyenifunga bandeji. Ni fundi wa mashine, tunamwita hivyo kwa ufupi wake, na ndiye mtu pekee pale ninayeweza kusema ni rafiki yangu.

Wewe kazi yako ni kupima vichwa vya watu. Niambie, changu kina nini?

Wifi yako hajambo. Aliteleza bafuni akavunjika mkono, lakini wameufunga plasta na unaendelea vizuri. Anakusalimu.

Mdogo wako,
Kitinda


15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wanaopimwa, kofia ya nyaya mapajani, maana ofisi sina na hicho ndicho kiti pekee chenye mto.

Umeniuliza swali ambalo ndilo kazi yetu ya mwaka huu, na wala si siri. Tunawaita watu wazima wasio na ugonjwa. Namvalisha mtu kofia yenye nyaya thelathini na mbili, nampaka dawa ya kuteleza chini ya kila waya, na akina mama wananilaani kwa ajili ya nywele zao. Halafu anahesabu kurudi nyuma, elfu moja toa saba, toa saba tena. Mara ya kwanza kukiwa kimya. Mara ya pili namwekea kelele masikioni, magari, mashine, watu wanaobishana, bila hesabu yoyote. Mara ya tatu vyote viwili.

Kelele peke yake, wengi wanaizoea baada ya dakika chache, kama mtu anayeishi kando ya reli. Hesabu peke yake, ubongo unafanya kazi yake bila vurugu. Vikija pamoja ndipo mistari kwenye skrini inapobadilika sura. Sehemu ya mbele ya kichwa inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, inahesabu, na huku inauzuia mlango kwa bega ili kelele zisiingie. Watu wanainuka kitini wamelowa jasho na hawajabeba hata kijiko. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu mpole kweli, alikosea saba zake akanisonya kama vile mimi ndiye niliyeivumbua saba.

Kwa hiyo kichwa chako hakina wazimu. Kimechoka. Nenda kwa daktari wa masikio wiki hii, si wiki ijayo. Dai viziba masikio vizima. Na mwambieni msimamizi, kwa maandishi, wewe na wenzako, kwamba mikanda miwili kwa mtu mmoja haifai.

Mkono wa wifi ni upi, wa kulia au wa kushoto? Fundi cherehani akivunjika mkono nyumba nzima imevunjika mkono. Msaidie kuosha vyombo, usijifanye mfalme.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimeibeba kazini. Msimamizi aliishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya, akasoma mistari mitatu, akasema, "Mwambie dada yako aje apime mkanda." Wote wakacheka. Nilimkamata shati nikamsukumiza ukutani, na kichwa chake kikagonga saa ya ukutani ikaanguka. Nati akaniingia kiunoni akanivuta nyuma. Nimepewa onyo. Moja zaidi, nje.

Lakini sijali, kwa sababu sasa najua. Jioni nilimsomea mke wangu ile sehemu ya mlango na bega. Nikamwambia, "Umesikia? Si mimi. Ni ubongo." Miaka yote watu wananiambia nina hasira, kumbe ni mistari kwenye skrini.

Naomba uniandikie tena, safari hii kwenye karatasi ya hospitali yenye muhuri, useme kwamba mtu anayefanya kazi kama yangu hawezi kujizuia. Neno hilo hasa, kujizuia.

Mkono wa wifi yako ni wa kulia. Plasta imetoka. Ila ana balaa huyu mwanamke, juzi kajigonga kwenye kona ya meza, jino la mbele limeruka. Nimemwambia avae kofia ya pikipiki ndani ya nyumba.

Kitinda


12 Machi

Mdogo wangu,

Sikuandika kwamba huwezi kujizuia. Soma tena. Niliandika kwamba umechoka. Kati ya maneno hayo mawili kuna safari ndefu, na karatasi yenye muhuri sitakupa.

Sasa nakuuliza, na unijibu kama ulivyokuwa ukinijibu nilipokuwa nakuogesha, maana mama alipofariki ulikuwa na miaka minne na mimi ndiye niliyekulea. Mkono, kisha jino. Wifi yangu anaanguka sana?

Barua ya pili iliyo ndani ya bahasha hii ni yake. Mpe bila kuifungua.

Dada yako


22 Machi

Wifi mpendwa,

Salamu. Nimepata barua yako na nakujibu mwenyewe kwa hiari yangu. Bafuni niliteleza kweli kwa sababu ya sabuni. Meza nayo ni kweli. Mume wangu ananitunza vizuri na tatizo lake ni kelele za kazini kama ulivyoeleza wewe mwenyewe kitaalamu. Tafadhali usiwe na wasiwasi na usiulize tena maana inamwongezea mawazo.

Wifi yako


23 Machi

Dada,

Umejibiwa. Umeridhika?

Ulinilea, asante. Lakini mtu mzima halelewi. Ndani ya nyumba yangu huna kofia yako wala nyaya zako. Ukitaka kuniandikia, niandikie habari zako.

K.


1 Aprili

Mdogo wangu,

Nimejibiwa, na nimepumua. Nisamehe kama nilikudhania mabaya. Huku kazini kuona majeraha kunatufanya tumwone kila mtu ana rungu.

Umekwenda kwa daktari wa masikio?

Dada yako


9 Aprili

Dada,

Nakuandikia kutoka mahabusu. Askari amenipa karatasi mbili, kwa hiyo nitasema haraka.

Nimempiga Nati.

Ilikuwa Jumanne, zamu inakaribia kwisha. Mashine zote kumi na nne zinanguruma, kichwa kinawaka. Nilikuwa kwenye hesabu, kushoto kumi na tisa, kulia thelathini na nane, yeye akaja kwa nyuma akanishika bega na kuniambia kitu. Hesabu ikamwagika. Spana yake kubwa ilikuwa kwenye meza. Nilisikia mlio tu, ule mlio wa masikioni, ukawa mkubwa mpaka ukajaa kila mahali. Halafu nikaona mkono wangu unapanda na kushuka. Wanasema mara tano. Mimi nakumbuka mbili. Ya kwanza ilimpata hapa juu ya sikio na ilitoa sauti kama unapokanyaga kopo. Alipiga magoti. Alinitazama, Dada. Ya pili nilimpiga akinitazama. Damu ilinirukia mdomoni, nikaitema, nikaendelea.

Hajafa. Hajaamka pia.

Nina wakili, kijana mwenye akili. Nilimweleza kuhusu barua yako akaruka kitini. Anasema wewe ndiye kesi yenyewe. Ukija na vipimo vyako ukasema mbele ya hakimu kwamba kelele na kazi ya akili vikikutana ubongo unageuka, kosa linapungua, labda nipelekwe kutibiwa badala ya kufungwa.

Najua nilikuandikia vibaya mara ya mwisho. Dada, sina mwingine. Wewe ndiye mama.

Kitinda


19 Aprili

Mdogo wangu,

Nati yuko hapa. Hospitali ya kwenu imeshindwa, wamemleta kwetu tangu Jumatatu.

Mimi ndiye niliyemvalisha kofia. Sikuambiwa ni nani. Niliona mtu mfupi, nusu ya kichwa imenyolewa na kushonwa, jicho la kushoto limezama ndani ya uvimbe kama kitufe kwenye godoro. Nikakwepa mishono na kuweka nyaya pale palipobaki. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, nikamuuliza, "Huwa mnamwitaje nyumbani?" ili nimwite kwa jina alilozoea. Akanitajia, kisha akasema, "Kazini wanamwita Nati." Waya ulinidondoka mkononi.

Nilimaliza kipimo. Nilimwita jina lake mara tatu. Nilimpigia makofi karibu na sikio. Nilimwekea kelele zilezile ninazowawekea wengine, zile zinazowatoa jasho watu wazima na akili zao. Mistari ilikwenda polepole, inajiburuta, haikushtuka hata kidogo. Nilisaini, nikatoka. Baadaye nikamwambia mkuu wangu kwamba aliyempiga ni mdogo wangu, na wameniondoa kwenye wodi ile.

Sijui nikuchukieje. Nimejaribu wiki nzima. Kila nikifunga macho namwona mtoto wa miaka minne ananishika sketi.

Nitakuja kortini. Mwambie wakili wako. Ninayoyajua kuhusu kelele ni ya kweli, na kiwanda kile kimekutwisha mzigo ambao hata punda angegoma. Hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Dada yako


27 Aprili

Wifi,

Safari hii naandika mimi. Niko kwa mama yangu. Ile barua ya mwezi wa tatu niliandika mimi pia, ila yeye alikuwa amesimama nyuma ya kiti ananitajia maneno, na kila nilipochelewa alikuwa ananibonyeza hapa penye mfupa uliokuwa unaunga.

Mama kaniambia nisikuandikie, eti damu nzito kuliko maji, utamshikia ndugu yako. Nimesema wacha nijaribu. Wakili wake alikuja jana kuniomba niwe shahidi, niseme jinsi mume wangu alivyokuwa akirudi nyumbani amechanganyikiwa na kelele. Akanieleza kwamba na wewe unakuja kusema hivyohivyo. Ndipo nikatafuta kalamu.

Wifi, ni kweli anarudi amechoka. Ni kweli masikio yanamlia, nilikuwa namwona anajipiga kibao sikioni. Sikatai. Lakini sikia anavyonipiga. Kwanza anafunga dirisha. Kisha anawasha redio, anaongeza sauti mpaka meza inatetemeka, ili jirani asisikie. Ndipo anavua saa yake na kuiweka juu ya kabati, isije ikavunjika kioo. Mtu ambaye kelele zinamtia wazimu angeongeza redio? Mkono aliuvunja kwa kuubana kwenye mlango, akaegemea, akaniangalia usoni. Jino ni kisigino chake. Na alianza mwaka wa kwanza wa ndoa, alipokuwa karani wa ghala, mahali ambapo kelele kubwa ilikuwa ni feni.

Nikimuuliza kosa langu, siku hizi ananisomea barua yako. Mlango na bega. Nimeijua kwa moyo.

Kuhusu Nati. Alinikuta kwenye chumba cha kushonea asubuhi ile, alileta suruali ya kazi ibadilishwe zipu. Akaona mdomo wangu ulivyopasuka. Nati si mtu wa maneno mengi. Akaniambia, "Shemeji, leo zikizimwa mashine nitaongea naye. Zikizimwa, ili anisikie vizuri." Nilimwomba asiongee. Akasema, "Nisipoongea mimi aongee nani?"

Zikizimwa, wifi. Nati ndiye anayezizima na kuandika saa kwenye karatasi ya ukutani, kila siku. Polisi hawajaiangalia, nani angeulizia karatasi ya mafuta na grisi. Walimkuta chumba cha kubadilishia nguo, si kwenye mkanda. Muulize mdogo wako ni kelele gani iliyokuwa mle.

Wifi yako


5 Mei

Mdogo wangu,

Mkeo ameniandikia. Usihangaike kumtafuta, nimemwambia ahame huko alipo na asimwambie mtu anakokwenda.

Nimepiga simu kiwandani nikajifanya mtu wa bima. Karatasi ya Nati ipo. Jumanne ile mashine zilizimwa saa tisa na dakika kumi. Alikutwa saa tisa na nusu, sakafuni, kati ya makabati.

Hukuwa kwenye hesabu. Hakuna kushoto kumi na tisa. Rafiki yako alikuja kukuambia uache kumvunjavunja mke wako, na wewe ukamvunja yeye.

Kinachonikata maini ni kwamba sehemu ya fimbo hiyo niliichonga mimi. Ulinipa maneno ya mtu mgonjwa, nikakupa jibu la mtu mgonjwa, ukalibeba nyumbani ukamsomea mwanamke mwenye mdomo uliopasuka. Halafu nikakuuliza, ukanijibu kwa mkono wake, na mimi nikapumua! Nikakuomba na msamaha.

Sikiliza. Bado nitakuja kortini. Nenda kwa hakimu kabla yangu useme mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Ukifanya hivyo nitasimama pale na kueleza yote ya kiwanda, mikanda miwili, masikio yako, kila kitu kinachoweza kukupunguzia. Usipofanya, nitajibu ninachoulizwa, na nimeshamwandikia mwendesha mashtaka aniulize.

Dada yako


11 Mei

Wewe,

Nimeisoma. Mwenzangu wa hapa selo alinishika mikono ndiyo maana sijaichana.

Mbele za watu utanivua nguo kwa ajili ya mwanamke wa kuja? Yeye ni nani? Nati ni nani? Mimi na wewe tumelala godoro moja, tumekula sufuria moja. Ukisimama kule ukasema neno la mashine kuzimwa, hesabu kwamba mdogo wako amekufa, na huyo atakayebaki humjui na usimkaribie. Nakuambia kweli. Usinikaribie.

Wakili anasema hawawezi kuthibitisha. Kaa kimya, jibu kuhusu ubongo, rudi kwako. Basi.


16 Septemba

Wifi mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono mmoja, wa pili unashika barafu shingoni. Usishtuke, nitaeleza kwa mpangilio.

Kesi imekwisha jana, siku mbili baada ya mimi kutoa ushahidi. Ulifanya vizuri kutoa ushahidi wako mapema na kutobaki pale.

Wakili wake alianza kwa upole. Akaniuliza, "Kelele na kazi ngumu ya akili vikikutana, ubongo unabaki kama ulivyo?"

Nikasema, "Haubaki."

"Mtu anachoka?"

"Sana."

"Anakasirika?"

"Wengine, ndiyo."

"Asante, sina zaidi." Akakaa akitabasamu, na mdogo wangu kule kizimbani akatabasamu pia. Wifi, lilikuwa tabasamu lilelile la utotoni, la mtu aliyepewa kipande kikubwa. Kidogo niiombee dunia isimame hapo.

Mwendesha mashtaka akainuka, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo. Akanipa ile karatasi, ina alama ya kidole cha grisi pembeni. "Soma."

Nikasoma. "Mashine zote zimezimwa, saa tisa na dakika kumi."

"Katika chumba chako, kelele zikizimwa na hesabu zikiisha, ile mistari inarudi baada ya muda gani?"

"Kwa wengi, dakika chache. Lakini watu wangu wanakaa saa moja tu, huyu alikaa miezi mitano. Miezi mitano inafanya nini, sijui, na sitajifanya najua."

"Sawa. Umewapima watu wangapi?"

"Arobaini na wawili."

"Uliwachosha wote?"

"Ndiyo, ndiyo kazi."

"Wangapi walikupiga?"

Nikamtazama mdogo wangu. Tabasamu lilikuwa limeshaondoka. Nikasema, "Hakuna. Mmoja alinisonya."

Watu hawakucheka. Akaniuliza kama mshtakiwa aliwahi kuniandikia kuhusu majeraha ya mkewe. Nikatoa barua zake zote, kuteleza bafuni, kona ya meza, kofia ya pikipiki, nikaanza kuzisoma. Sikufika mbali. Aliruka kizimba. Sikumwona akija, niliona viatu vya askari vinateleza. Alinishika shingo kwa mikono miwili akanilaza juu ya meza ya karani, akanigonga kisogo mara moja, mara mbili, na uso wake ulikuwa hapa, karibu kuliko tulivyowahi kuwa tangu akiwa mtoto. Hakusema kitu. Ilichukua askari watatu na rungu. Mmoja alimvunja kidole ndipo kikaachia.

Nina mishono sita nyuma ya kichwa. Wenzangu wamenipima kwa mashine yangu mwenyewe, wakanipaka ile dawa, na sasa najua kwa nini akina mama wananilaani.

Amepewa miaka kumi na minne. Hakimu alitaja pia kiwanda, akaagiza wakaguliwe, na nasikia tangu kesi ianze kila mkanda una mtu wake. Nilifurahi, halafu nikajionea haya kufurahi.

Nati ameruhusiwa kwenda nyumbani. Jicho limepotea na mguu wa kushoto anauvuta. Siku ile haimo kichwani mwake kabisa, anakumbuka suruali tu, kwamba ilikuwa na zipu mbovu. Mama yake ananiuliza kama kumbukumbu itarudi. Nimemwambia namwombea isirudi.

Pole, wifi. Neno dogo hilo, lakini sina kubwa zaidi.

Dada yake


30 Novemba

Dada,

Shikamoo. Huna haja ya kuitikia.

Sijui kama utaifungua hii. Nimeianza mara nyingi. Mara ya kwanza niliandika kwamba siku ile kortini feni ilikuwa inapiga kelele na watu wananong'ona. Nikachana. Mara ya pili niliandika kuhusu masikio yangu. Nikachana pia.

Huku nimepangiwa bustani ya mboga. Kuna mfungwa mmoja, mzee, aliyemuua kaka yake zamani. Aliniuliza juzi, "Wewe ulifanya nini?" Nikaanza kumweleza mashine kumi na nne, mikanda miwili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hizo ni habari za kiwanda. Mimi nimekuuliza wewe." Niliinua jembe. Hakusogea. Nilisimama na jembe juu, ndege wanalia kwa mbali, mikono inauma, na hakuna mtu aliyekuwa ananiita wala hesabu yoyote kichwani. Nikaliweka chini. Sikuliweka kwa wema. Askari alikuwa anatazama.

Basi naandika moja tu ambayo nimeweza kuiandika bila kuichana.

Kortini palikuwa kimya, Dada. Nilisikia kila kitu. Nilisikia karatasi ikikunjuka mkononi mwako. Nilisikia hakimu akivuta pumzi. Sikuwa nimechoka, nilikuwa nimelala vizuri, na nilipotoka pale kizimbani nilijua ni shingo ya nani ninayoiendea. Na Nati vilevile, chumba kile kilikuwa kimya, nilisikia neno lake lote, alisema, "Utamuua, ndugu yangu." Na mke wangu vilevile. Kila mara nilisikia vizuri.

Mwambie asinisubiri. Mwambie hivyo kwa maneno yako, yangu ameshayasikia ya kutosha.

Mdogo wako